Yanayopita Mengine Yote Kati ya Embu na Meru

Anayetoka Embu kwenda Meru husindikizwa na mlima upande wa kushoto, mawingu yakiuruhusu kuonekana. Waembu huuita Kirinyaa, Wameru Kirimaara. Batian, mita 5,199, ndicho kilele kirefu kuliko vyote nchini Kenya, na katika Afrika nzima mlima huu hupitwa na Kilimanjaro peke yake. Mwanajiografia Mwingereza Mackinder alifika juu tarehe 13 Septemba 1899, akiwa na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel.

Kusini mwa Embu, Mto Tana umezuiwa kwa mabwawa. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko yote nchini.

Mjini Meru, nenda kwanza makumbusho: ni jengo la mawe la mwaka 1916, kongwe kuliko yote mjini, lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Kisha panda gari hadi Nchiru, makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee lililo juu ya mabaraza yote ya Wameru. Ukisonga mbele hadi Igembe utaonyeshwa mbaine, miti mikongwe ya miraa. Vichomozi vyake huthaminiwa kuliko vya miti michanga, na mwenye shamba hukutajia aliyeipanda kama anayesoma ukoo wake.

Lakini mimi safari hii huifanya kwa ajili ya sufuria. Mukimo wa huku, hasa ule wenye ndizi mbichi zilizopondwa pamoja na njahi, aina ya maharagwe, ndio mtamu kuliko wote niliowahi kula, na hilo nitalitetea mbele ya Mkikuyu yeyote. Ndani yake kuna mahindi, na majani ya malenge yanayoupa rangi ya kijani. Mahindi na malenge yametoka mbali. Karibu na Oaxaca, mji wa Meksiko unaosifika kwa mapishi, kuna pango la Guilá Naquitz. Humo wataalamu walikuta mbegu za malenge za karibu miaka 10,000 na magunzi ya mahindi ya zaidi ya miaka 6,000, miongoni mwa mabaki makongwe kabisa ya mazao hayo. Mazao ya Meksiko yalivuka bahari, yakafika kwetu, yakapanda miinuko hadi shamba la nyanya yangu. Njahi hazikuvuka bahari yoyote. Asili yake ni Afrika, na kuzunguka mlima huu mama aliyejifungua hupikiwa hizo kabla ya chakula kingine.

Kwa hiyo ukifika sokoni Meru saa sita mchana, uliza penye mukimo wa njahi. Keti karibu na jiko, usikie mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Sahani ikija, anza na upande wenye njahi nyingi.