"Dada, mwanangu ni saikopathi?"

Simu ililia saa nne usiku. Ni mama mmoja tunayefahamiana kwenye shughuli za Waswahili hapa Uingereza. Mwanawe wa miaka 10 alimpiga mwenzake shuleni, hakulia wala hakuomba radhi. Binamu yake alikuwa ametazama video mbili mtandaoni, akatoa hukumu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: huyo ni saikopathi.

Mimi ni muuguzi, na wodi ya afya ya akili nimeifanyia kazi. Neno hilo siku hizi hutiwa kama chumvi kila chungu. Hata bosi mkali huitwa hivyo.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Robert Hare, mwanasaikolojia wa Canada. Kina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2. Marekani kikomo ni alama 30 kati ya 40. Uingereza mara nyingi hutumia 25. Lakini hujazi mwenyewe kama fomu ya viza. Mtaalamu aliyefunzwa humhoji mtu kwa muda mrefu, kisha husoma mafaili yake, maana mwenye hali hii anaweza kudanganya bila kupepesa macho. Kipimo hicho ni cha watu wazima. Hata tatizo la haiba linalokaribiana nalo, la kutojali haki za wengine, madaktari wa Marekani hawalitaji kwa aliye chini ya miaka 18.

Chanzo je? Si kimoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kurithi kunachangia. Kwa baadhi yao amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, huitikia kidogo waonapo uso wa mtu aliyeogopa. Kipigo na kutelekezwa utotoni huongeza hatari, ingawa wengi waliopitia hayo hawawi hivyo. Wanaosema "ni laana" au "mama ndiye kamharibu" hunikera sana.

Nikamuuliza mama: tangu lini halii?

Akanyamaza. Tangu Januari, bibi yake alipofariki Mombasa nao wakashindwa kusafiri kwa sababu ya makaratasi. Hulala na kanga ya bibi chini ya mto.

Nikamwambia ampeleke kwa daktari wa familia, aombe rufaa ya huduma ya watoto, na habari ya kanga aianze yeye kuieleza. Na lile neno lifutwe kwenye kundi.

"Kundi lenyewe ni la binamu," akasema, na kwa mara ya kwanza usiku ule akacheka.