Trela la Kambi Katika Baridi ya Kitulo: Joto Litokane na Maandalizi, Si Jiko la Mkaa

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katika miezi hiyo Nyanda za Juu Kusini hupata baridi kali kuliko sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo, ndiyo miezi ya ukavu ambapo barabara za milimani hupitika kwa urahisi, na baadhi ya wasafiri huitumia kwenda kupiga kambi wakiwa na trela la kulala linalokokotwa na gari.

Miongoni mwa maeneo yanayovutia wasafiri hao ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyopo katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya kulinda mimea yake, ipo kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa kawaida joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo, anayetoka Dar es Salaam kwenda Kitulo hukutana na tofauti ya takriban nyuzi 17 kutokana na mwinuko pekee, kabla ya kuhesabu upepo na anga tupu la usiku. Katika kipupwe, si ajabu nyasi za uwanda huo kuamka zimefunikwa na sakitu.

Hatari kubwa katika mazingira hayo haitokani na baridi yenyewe, bali na namna watu wanavyojaribu kuikwepa. Msafiri anapozidiwa na ubaridi usiku hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya trela au hema, kisha kufunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hushikamana na chembe za damu zinazobeba oksijeni na kuuzuia mwili kuipata. Mkaa usiotoa moshi si salama. Hata uliobaki makaa mekundu tu huendelea kutoa gesi hiyo, na aliyelala anaweza kufariki dunia bila kuamka.

Kwa sababu hiyo, maandalizi ya trela yanapaswa kulenga kuhifadhi joto la miili ya waliomo, si kuzalisha moto ndani. Sehemu ya kwanza ya kushughulikia ni sakafu, ambayo hupitisha ubaridi kwa kuwa upepo hupita chini ya trela. Mkeka mnene au zulia juu ya sakafu, na godoro la sponji lililoinuliwa, hupunguza ubaridi huo kwa kiasi kikubwa. Madirisha yawekewe mapazia mazito, na mianya inayozunguka milango izibwe kwa mpira au sponji. Blanketi za sufu au mifuko ya kulalia iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi ichukuliwe kwa idadi inayozidi kidogo ile ya wasafiri.

Hata hivyo, trela lisizibwe kabisa. Pumzi za watu waliolala hubeba mvuke, ambao hugeuka matone ya maji kwenye kuta na madirisha yenye ubaridi, kisha hulowesha matandiko. Nguo na blanketi zikilowa hupoteza uwezo wake wa kuhifadhi joto. Tundu dogo la hewa juu, na jingine chini, yabaki wazi usiku kucha. Nguo zilizoloa zianikwe nje ya sehemu ya kulala, na kila mmoja abadilishe nguo za mchana kabla ya kujifunika.

Upishi ufanyike nje, mahali penye hewa ya kutosha. Mtungi wa gesi usimamishwe wima nje ya sehemu ya kulala, na maungio yake yakaguliwe kwa povu la sabuni kabla ya safari. Mapovu yakiongezeka, gesi inavuja. Baridi hupunguza msukumo wa gesi ndani ya mtungi, hivyo mwali unaweza kuwa dhaifu alfajiri. Mtungi usipashwe moto kwa namna yoyote ile. Wapishi wakumbuke pia kwamba katika mwinuko wa Kitulo maji huchemka yakiwa na takriban nyuzi 91 badala ya 100, hivyo maharage huhitaji muda mrefu zaidi na nishati zaidi.

Mipira ya maji iliyo wazi imwagwe maji kabla ya kulala, kwa kuwa maji yaliyobaki yanaweza kuganda na kuipasua. Maji ya kunywa na ya asubuhi yahifadhiwe ndani. Betri nazo hupungua nguvu katika baridi. Zijazwe chaji kikamilifu kabla ya kupanda mlima. Anayetumia jenereta aiweke umbali usiopungua mita 6 kutoka kwenye trela, moshi wake ukielekezwa upande ambao upepo hauurudishi kambini.

Safari yenyewe inahitaji uangalifu. Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba, mojawapo ya njia za kufika hifadhini, hupanda mlima kwa kona kali nyingi. Breki, taa na kiungo cha kukokotea trela vikaguliwe na fundi kabla ya kuondoka. Wakati wa kushuka, dereva atumie gia ndogo ili breki zisipate joto kupita kiasi. Ni vyema kufika kambini kabla ya jua kutua, kujiandikisha langoni na kupiga kambi katika eneo lililotengwa. Moto wa kuota uwashwe pale tu unaporuhusiwa na uzimwe kabisa kwa maji, kwa kuwa nyasi za kipupwe ni kavu na huwaka haraka.

Mtu aliyevuta kaboni monoksidi huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Dalili hizo zikiwapata watu kadhaa kwa pamoja ndani ya trela, zisichukuliwe kuwa ni uchovu wa safari. Wote watolewe nje mara moja, wapelekwe kituo cha afya hata kama wamepata nafuu, na msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji uombwe kupitia namba 114. Kifaa cha kutambua gesi hiyo, chenye king'ora, ni nyongeza muhimu, lakini hakihalalishi kuwasha mkaa ndani.

Wasafiri wanaopanga kwenda nyanda za juu msimu huu wanahimizwa kufuatilia utabiri wa TMA kabla ya kuondoka na kuandaa trela wakiwa bado nyumbani. Blanketi moja la ziada lililopakiwa mapema humwondolea mzazi kishawishi cha kuingiza jiko walipolala watoto wake.