Tochi ya zamu ya usiku

Ndugu mfanyakazi, usinunue tochi ya LED kwa kusoma tarakimu za boksi tu. Kwa kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 2009, "mita 200" ni pale mwanga unapofifia ukawa sawa na wa mwezi mpevu. Nyoka humwoni hapo. Saa nazo huhesabiwa mpaka mwanga ubaki sehemu moja ya kumi. Betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo mtupu: iliyo bora haifiki nusu yake. Kwa mvua za shambani, tafuta alama ya IPX4 au zaidi. Nawe mlinzi, kabla ya kutoa fedha yako, mwone mjumbe wa chama: tochi ni kifaa cha kazi, mwajiri aitoe.