Kabla ya Kubadili Distro, Itazame Kerneli

Mgeni katika programu huria huanza na swali moja: distro ipi nzuri? Mmoja atamwambia Ubuntu, mwingine Linux Mint, na wa tatu, mwenye majivuno kidogo, atamwelekeza Arch. Swali si baya, ila linamzoesha kuamini kwamba tofauti zote ziko kwenye yale anayoyaona kwa macho: sura ya menyu, rangi ya madirisha, duka la programu. Siku ya kwanza Wi-Fi ikigoma, anafuta Mint na kuweka Ubuntu. Wi-Fi inagoma vilevile. Anafuta Ubuntu, anaweka Fedora. Bando linakwisha kwa kupakua mafaili ya gigabaiti kadhaa, na kompyuta bado haijaona mtandao hata mmoja.

Kwa upande wa Wi-Fi, mtu huyu amechagua karibu kitu kilekile mara tatu. Distro zote hizo zimejengwa juu ya kerneli moja, Linux, na kuitambua kadi ya Wi-Fi ni kazi ya kerneli. Kwa hakika jina Linux ni la kerneli peke yake. Madirisha, kivinjari, programu ya kuandikia barua na hata amri unazochapa vimetengenezwa na watu wengine kabisa. Wenye distro huvikusanya, huvipatanisha na kukukabidhi vikiwa tayari kutumika.

Kazi ya kerneli utaielewa ukiifikiria stoo ya shule ya bweni. Walimu, wapishi na wanafunzi wote wanahitaji vilivyomo, lakini ufunguo anao mtunza stoo peke yake. Kila mtu hufika dirishani, husema anachotaka, akapewa au akanyimwa. Prosesa ya kompyuta imeundwa kuruhusu utaratibu huohuo. Ina hali moja yenye ruhusa zote, ambayo ni ya kerneli, na nyingine yenye mipaka, ambamo programu zako zote huendeshwa. Ukihifadhi barua uliyoiandika kwenye LibreOffice, LibreOffice haigusi diski. Huiomba kerneli, kerneli hukagua kama una ruhusa na kama nafasi ipo, kisha huandika yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa sauti, kibodi, kamera na kila kinachopita mtandaoni. Kwa sababu hiyo programu moja ikianguka, nyingine huendelea bila wasiwasi, lakini kerneli yenyewe ikianguka mashine nzima husimama, na huna la kufanya ila kushikilia kitufe cha kuzimia.

Wenye kompyuta za ram ya gigabaiti 2 au 4 wameshakutana na maamuzi ya kerneli bila kujua. Umefungua kurasa nyingi, mashine inakuwa nzito, kipanya kinajivuta, mara kivinjari chote kinatoweka bila kuaga. Wengi humlaumu Firefox wa watu. Aghalabu ni kerneli iliyokiua: ram ikiisha kabisa, huzipigia hesabu programu zote na kuiondoa moja, kwa kawaida ile iliyokula nafasi kubwa zaidi, ili nyingine zipone. Ni uamuzi wa kikatili wenye mantiki yake, na ushahidi hubaki kwenye taarifa za kerneli, ambazo unaweza kuzisoma kwa amri ya sudo dmesg. Dawa ni kuongeza ram, au kutenga sehemu ya diski iwe swapu, yaani akiba ya ram.

Historia nitaipita haraka kwa kuwa imesimuliwa sana. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kutengeneza mfumo endeshi mzima ulio huru. Miaka ya 1990 ilipoanza, karibu kila kipande kilikuwa tayari isipokuwa kerneli. Ile waliyoianza wenyewe, Hurd, mpaka leo haijawafikia watumiaji wengi. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wa kompyuta zenye prosesa ya 386 kwa kujifurahisha tu. Toleo lake la kwanza lilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo 10,000. Mwaka uliofuata akaiweka kazi yake chini ya GPL, leseni iliyoandikwa na Stallman, na kwa njia hiyo GNU ikapata kerneli iliyoikosa. Leo mistari hiyo imepita milioni 30, na zaidi ya nusu ni draiva.

Kwenye draiva ndipo mgeni anapopaswa kutua.

Draiva ni msimbo unaoiwezesha kerneli kuzungumza na kifaa fulani: kadi hii ya Wi-Fi, chipu ile ya sauti, padi ya kugusa ya laptopu ile. Aliyetoka kwenye Windows amezoea kwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, kupakua draiva na kuisakinisha. Linux haiendi hivyo. Draiva zake nyingi mno zimo ndani ya mradi wa kerneli wenyewe na huja pamoja nayo, kwa hiyo kifaa kinachojulikana hufanya kazi papo hapo bila kutafuta chochote. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kerneli iliyotoka kabla ya kifaa chako aghalabu haikijui, na mara nyingi hakuna menyu ya kubofya itakayoifundisha.

Hapo ndipo linapoeleweka jambo ambalo wageni hulishangaa. ThinkPad ya mtumba, iliyofanya kazi ofisini Ulaya miaka saba kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli Avenue, mara nyingi huipokea Linux bila ubishi, ilhali laptopu iliyotoka kiwandani mwaka huu inaweza kukosa sauti, ikakataa kulala ukifunga kifuniko, au ikamaliza betri kwa saa mbili. Draiva za ile ya mtumba zimo kwenye kerneli tangu zamani na zimeshanyooshwa na maelfu ya watumiaji; za ile mpya pengine ndiyo kwanza zinaingizwa. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo anayetaka kuanza na programu huria, hii ni moja ya hali chache ambamo kitu cha bei nafuu ndicho chenye usumbufu mdogo.

Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Distro nyingi hazifuati mwendo huo. Huchagua toleo moja na kulishikilia kwa miaka, zikilitia viraka vya usalama. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 ikiwa na kerneli 5.15. Faili la usakinishaji la 22.04.5, lililotolewa 2024, lilikuja na 6.8. Jina ni lilelile na sura ni ileile, lakini katikati vimeingia vifaa chungu nzima ambavyo 5.15 haikuwahi kuvisikia. Mwenye laptopu mpya, basi, pamoja na kuuliza jina la distro, aulize inakuja na kerneli namba ngapi. Namba ya kerneli unayoitumia sasa utaipata kwa amri ya uname -r. Kwenye Linux Mint kuna njia rahisi zaidi: fungua Update Manager, nenda menyu ya View, utakuta orodha ya kerneli unazoweza kuongeza bila kufuta chochote. Yule mtu wetu aliyemaliza bando angeanzia hapo.

(Namba zenyewe zisikutishe. Kutoka 5 kwenda 6 hakukuwa na mapinduzi yoyote. Torvalds hupandisha namba ya mwanzo pale inayofuata inapokuwa kubwa mno, na amewahi kutania kwamba hufanya hivyo akiishiwa vidole vya mikono na miguu vya kuhesabia.)

Umri wa kerneli unaamua pia kama ushauri uliopewa bado una maana. Chukua kadi za kumbukumbu zinazozidi gigabaiti 32, ambazo kwa kawaida hupangwa kwa mtindo wa exFAT. Kwa miaka mingi kerneli ya Linux haikuweza kuzisoma yenyewe, kwa sababu exFAT ilikuwa mali ya Microsoft yenye hataza. Ilikubidi usakinishe programu ya pembeni. Agosti 2019 Microsoft ikachapisha maelezo yake, kerneli 5.4 ya mwishoni mwa mwaka huo ikaja na draiva ya majaribio, na 5.7 ya mwaka 2020 ikapata draiva bora zaidi iliyotoka Samsung. Bado utawakuta watu wakikuelekeza kuongeza programu ileile ya zamani, kwa moyo mwema kabisa.

Nisiipe kerneli sifa isiyo yake: yapo mambo ambayo distro huamua. Kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi mpaka zipakiwe femwea, yaani programu ndogo ya mtengenezaji inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, ambayo msimbo wake kwa kawaida haujawekwa wazi. Draiva huwa huria, femwea siyo. Kwa kushika msimamo wa uhuru, distro ya Debian haikuziweka kwenye faili lake rasmi la usakinishaji kwa miaka mingi, na wageni wakawa wanaishia kwenye skrini inayowaomba femwea wasiyokuwa nayo, na mtandao wa kuipatia hawana. Mwaka 2022 wanachama wa mradi walipiga kura kulegeza msimamo, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja na femwea hizo. Naona walifanya vyema. Uhuru unaomwacha mtu bila njia ya kusoma habari za uhuru huo una kasoro. Vivyo hivyo kwa kompyuta kongwe za biti 32: kerneli ingali inaziunga mkono, lakini Debian 13 ya Agosti 2025 haitoi tena kisakinishi wala kerneli kwa ajili ya zile za Intel na jamaa zake. Hapo kubadilisha distro kuna maana.

Kama una simu ya Android, kerneli ya Linux unayo mfukoni. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayohusu simu, utakuta namba yake imeandikwa. Kuna funzo hapo, kwa sababu simu ya miaka mitano mara nyingi huacha kupata masasisho wakati laptopu ya miaka kumi na miwili inaendesha kerneli ya mwezi uliopita. Laptopu hiyo inabebwa na draiva zilizoingizwa kwenye mradi mkuu wa kerneli, ambako kila toleo jipya huzichukua na kusonga nazo. Draiva nyingi za simu hazikuingizwa humo. Watengenezaji wa chipu na simu waliziandika pembeni kwa ajili ya kerneli ya mwaka fulani. Wakiacha kuzishughulikia, simu inabaki hapohapo. GPL inawalazimu kuutoa msimbo wa kerneli waliyoibadilisha, lakini haiwalazimu kuutunza.

Kitu kimoja kerneli haitakupa ni Kiswahili. Jambo OpenOffice, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilionyesha kwamba programu za ofisini zinaweza kuzungumza lugha yetu, na mazingira kadhaa ya Linux yametafsiriwa kwa viwango tofauti. Ujumbe wa kerneli huandikwa kwa Kiingereza tu, makusudi, ili msomaji wa Tokyo na wa Tanga wautafute kwa maneno yaleyale.

Sasa suala la kuzima na kuwasha. Oktoba 2016 ilifichuliwa hitilafu ya kerneli iliyopewa jina Dirty COW. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka yote ya mashine, na ilikuwa imekaa humo tangu 2007. Kiraka kilitoka upesi. Lakini kiraka cha kerneli, tofauti na cha kivinjari, kwa kawaida hakianzi kazi mpaka kompyuta iwashwe upya, kwa sababu kerneli ya zamani ndiyo iliyoshika ram. Wengi wetu hufunga kifuniko cha laptopu tukaita huko kuzima. Mtu anaweza kusakinisha masasisho kila Jumatatu na bado akaendesha kerneli ya mwezi uliopita.

Siku utakapowasha upya, huenda kerneli mpya ikakuharibia kitu kilichokuwa kizima: sauti imekufa, au skrini imebaki nyeusi. Usifute chochote. Distro nyingi huiacha kerneli ya nyuma mahali pake. Kwenye Ubuntu na Mint, kompyuta inapowaka, ingia kwenye GRUB, menyu ya kuchagua cha kuwasha, chagua sehemu ya Advanced options, na uwashe kwa ile ya awali. Sauti ikirudi, umeshajua kosa liko wapi, na una taarifa ambayo watengenezaji wa kerneli huithamini kuliko malalamiko marefu. Msimamo wa Torvalds juu ya hili ni mkali: mabadiliko ya kerneli yakivunja kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji, kosa ni la kerneli, hata kama mtumiaji huyo ni mmoja. Andika jina kamili la kompyuta yako, namba ya kerneli iliyofanya kazi, namba ya ile iliyoshindwa, na uambatishe matokeo ya dmesg. Anza kuripoti kwa wenye distro yako, kwa kuwa nao huongeza viraka vyao kwenye kerneli kabla haijakufikia, na huenda kosa limetokea mikononi mwao.