Kichocheo: Neno na Dhana Yake katika Kemia

Miongoni mwa istilahi za sayansi zinazotumika sana katika maandishi ya Kiswahili ni neno kichocheo. Neno hili limetokana na kitenzi chochea, yaani kusukuma kuni au kuchokoa makaa ili moto uwake zaidi. Lakini neno zuri halimkingi mfasiri asikosee. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana inayobebwa na neno hilo katika kemia, ili picha ya jikoni isimpotoshe mwalimu wala mfasiri.

Dhana yenyewe ilipewa jina mwaka 1835 na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius. Aliona kwamba vitu fulani huleta mabadiliko katika vitu vingine ilhali vyenyewe havipungui. Akatumia neno la Kiyunani lenye maana ya kulegeza au kufungua. Baadaye Wilhelm Ostwald, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alifafanua kwamba kichocheo hubadili kasi ya mmenyuko, wala hakionekani katika zao la mwisho.

Hapo ndipo ukuni na kichocheo vinapoachana. Ukuni huteketea ukawa majivu, kichocheo hubaki. Kwa hiyo mwalimu apendaye mfano wa jiko na ashike kijiti cha kuchokolea makaa, asishike kuni.

Tuchukue mfano wa amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea nyingi za viwandani. Amonia hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani na haidrojeni. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha huko Karlsruhe kwamba jambo hilo linawezekana kwa joto na kanieneo kubwa, pakiwapo kichocheo. Alwin Mittasch na wenzake katika kampuni ya BASF walifanya maelfu ya majaribio, wakagundua kwamba chuma kilichotiwa kiasi kidogo cha vitu vingine, kama vile potasiamu, kinafaa na ni rahisi kupatikana. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Hata hivyo, namna chuma kinavyofanya kazi hiyo haikujulikana barabara kwa miaka mingi. Mjerumani Gerhard Ertl, aliyeanza kulichunguza suala hilo katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba molekuli ya naitrojeni hushikamana na uso wa chuma, kifungo chake kikalegea, na atomu zake mbili zikaachana. Hatua hiyo ndiyo ya polepole kuliko zote, na potasiamu huirahisisha. Ertl alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Tazama jinsi neno la Berzelius lilivyothibitika: kazi ya kichocheo hiki ni kulegeza.

Kutokana na maelezo hayo, tunawashauri wasomaji wetu wazingatie mambo matatu.

Kwanza, kichocheo kisichanganywe na malighafi. Afisa anayetafsiri mkataba wa kiwanda cha mbolea akikihesabu kichocheo pamoja na malighafi, huenda serikali ikapanga kununua kila mwezi kitu kinachodumu kwa miaka.

Pili, isiandikwe kwamba kichocheo huongeza kiasi cha mwisho cha amonia kinachoweza kupatikana. Kiasi hicho huamuliwa na joto, kanieneo na uwiano wa gesi. Kichocheo hutufikisha hapo upesi tu. Mwanafunzi akifundishwa vinginevyo, atashindwa kueleza kwa nini kanieneo kubwa inahitajika hata kichocheo kikiwapo.

Tatu, isisemwe kwamba chuma hufyonza gesi. Sifongo hufyonza maji yakaingia ndani yake. Hapa gesi hushikamana na uso wa nje. Mpaka ipatikane istilahi moja iliyokubalika, ni bora kusema wazi: kushikamana usoni.

Neno kichocheo hutumika pia katika elimu ya viumbe kwa maana ya kitu kinachoamsha hisia au tendo, na vimeng'enya vya mwilini navyo ni vichocheo kwa maana ya kikemia. Kwa sababu hiyo, mwandishi hana budi kufafanua maana anayoikusudia neno linapotokea mara ya kwanza. Hatuoni haja ya kuliacha neno hili. Tunaona haja ya kulitumia kwa uangalifu.