Msumeno wa mpogoaji: uliza bledi kwanza, bei baadaye

Katika biashara ya kupogoa na kuangusha miti mijini, kifaa kinachotajwa kwanza ni chenso. Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia katika kazi hiyo huuliza bei ya mashine, mnyororo na mafuta, kisha akiwa tayari anatoka dukani hukumbuka msumeno wa mkono, na hununua wowote uliopo. Lakini juu ya mti mambo huwa kinyume. Chenso hupandishwa kwa ajili ya matawi makubwa. Mengi ya yale yenye unene wa sentimita 3 hadi 12 hukatwa kwa mkono, na mtu aliyefungwa kwenye kamba, mguu mmoja ukiwa umeegemea shina.

Kazi yenyewe haikosekani. Kila mwaka kabla ya masika wenye nyumba hutafuta watu wa kupunguza miembe na miarobaini iliyoegemea mapaa. Huko Njombe na Rungwe, mwenye shamba la parachichi asiyepogoa huishia na miti mirefu isiyochumika bila ngazi, na tangu Tanzania na China zilipotia saini Novemba 2022 makubaliano ya kuuza parachichi mbichi, wakulima wana sababu zaidi ya kutunza miti yao. Swali la safu hii wiki hii ni dogo lakini lina fedha ndani yake: mwenye kikosi cha wapogoaji wawili au watatu anunue msumeno gani, na muuza vifaa aweke nini ghalani?

Msumeno wa seremala hukata unaposukumwa, kwa hiyo bapa lake lazima liwe nene kiasi, la sivyo litajikunja. Msumeno wa kupogolea uliopinda, wa aina inayotengenezwa Japani, hukata unapovutwa. Chuma kinachovutwa hunyooka chenyewe, hivyo bapa linaweza kuwa jembamba, njia inayokatwa ikawa nyembamba, na jasho likapungua. Juu ya mti faida hiyo ni kubwa, maana mkwezi ana nguvu ya kuvuta kuliko ya kusukuma. Wajapani hawako peke yao: kampuni ya Fanno ya California ilianza kutengeneza misumeno ya bustani za matunda mwaka 1921. Hata hivyo, jina linalosikika zaidi kwa wakwezi wa Ulaya na Marekani ni Silky, ya kampuni ya UM Kogyo ya mji wa Ono, mkoa wa Hyogo, iliyoanza mwaka 1919.

Kinachogeuza hesabu yote ni meno. Misumeno mingi ya kisasa ya kupogolea ina meno yaliyochomwa kwa umeme kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde, kiasi kwamba ncha zake huwa ngumu kama tupa yenyewe au kuizidi. Meno hayo hukaa makali kwa muda mrefu. Yakishakwisha, tupa ya kawaida huteleza juu yake bila kula kitu, na ile ya almasi inayoweza kuyagusa haipatikani kila duka. Kwa hiyo mwenye msumeno wa aina hii hanoi, anabadilisha bledi. Kuna njia rahisi ya kuutambua dukani. Omba ruhusa, chukua tupa ndogo ya pembe tatu, ulisugue kidogo jino la mwisho karibu na mpini. Tupa ikiuma, huo ni msumeno wa kunolewa. Ikiteleza kama kwenye kioo, huo ni wa kubadilishwa bledi, na swali linalofuata kwa mwenye duka liwe moja: bledi ya akiba iko wapi?

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei na muda uliotajwa hapa ni wa kukadiria ili kuonyesha njia, na kila mtu aweke takwimu za soko lake. Kikosi kinafanya kazi wiki 48 kwa mwaka. Msumeno wa kwanza ni wa bei rahisi, sh. 25,000, una meno magumu, hauna bledi ya akiba, na unachoka kwa wiki 6. Kwa miaka miwili itanunuliwa misumeno 16, yaani sh. 400,000. Wa pili ni wa daraja la juu, sh. 140,000, bledi yake sh. 80,000, na kila bledi inadumu miezi 6. Kwa miaka miwili ni msumeno mmoja na bledi tatu, jumla sh. 380,000. Wengi watashangaa kuona tofauti ya sh. 20,000 tu. Faida ya ule wa juu ipo kwenye muda: ukikata haraka kiasi cha kuongeza mti mmoja kwa wiki, unalipa. Usipoongeza mti, hujapata kitu cha kujivunia.

Sasa tuseme umenunua huo wa sh. 140,000 na hakuna anayeuza bledi zake. Kila miezi 6 utanunua msumeno mzima, na miaka miwili itakugharimu sh. 560,000. Hapo ndipo wanunuzi wengi huumia: wamelipia ubora, kisha mpini mzuri usio na kasoro unatupwa kwa sababu ya kipande cha chuma cha mbele.

Upo na msumeno wa tatu ambao muuzaji hana hamu ya kuutangaza, ule wa meno ya kawaida. Tuseme ni sh. 45,000, unadumu mwaka, na unatumia tupa mbili za sh. 8,000 kila moja. Kwa miaka miwili ni sh. 122,000, pamoja na nusu saa ya kunoa kila wiki. Kwa karatasi huu unawashinda wote. Lakini unahitaji mtu anayejua kulifuata kila jino kwa pembe yake ya awali, na kuyapinda meno moja kulia, moja kushoto, yalingane. Shamba lenye fundi wa namna hiyo halina sababu ya kununua kitu kingine. Kikosi cha mjini kinachokimbizana na wateja kwa kawaida hakina mtu huyo, na msumeno ulionolewa vibaya huvuta upande mmoja na kunasa.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya wenye kazi ni kwamba urefu wa bapa uwe walau mara mbili ya unene wa tawi. Kwa miti ya matunda milimita 240 hadi 270 zinatosha. Kwa mkwezi wa miti ya mjini 300 hadi 330. Zaidi ya hapo ni kwa matawi mazito, na ni heri kuita chenso. Meno makubwa yaliyoachana hufaa mti mbichi wenye maji kama mparachichi, kwani hutoa unga nje haraka. Mti mkavu au mgumu kama mpera unataka meno madogo zaidi. Misumeno ya kukunja ni mizuri mfukoni mwa bwana shamba, lakini mingi hutaka mikono miwili kuifungua, na mtu aliye juu ya mti mara nyingi ana mmoja. Mkwezi anunue usiokunjwa, wenye ala ngumu ya kufungwa pajani, inayoushika hata akiinama. Msumeno unaochomoka wenyewe humwangukia mtu aliye chini.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Kamba iliyobeba uzito wa mtu imekazwa kama uzi wa gitaa, na meno haya yanaweza kuikata kwa mvuto mmoja. Kwa hiyo kabla ya kukata, mkwezi huzungusha kamba ya pili kwenye shina, ikiwezekana yenye waya ndani, na huangalia kamba zote mbili ziko upande gani wa bapa. Mkono wa pili hausogei karibu na mkato. Mti ulio karibu na nyaya za umeme hauguswi kabisa hadi shirika la umeme lifike. Mwekezaji anayenunua msumeno wa sh. 140,000 na kumpandisha kijana kwa kamba ya katani ya kufungia mizigo amepanga bajeti yake kichwa chini.

Bledi nyingi hufa kwa kuvunjika kabla meno hayajaisha. Sababu kubwa ni mbili: kusukuma kwa nguvu msumeno uliotengenezwa kuvutwa, na kuacha tawi libane bapa wakati linaanguka. Dawa ya hili la pili ni kukata kidogo kutoka chini kwanza, kisha kutoka juu mbele kidogo ya hapo, na kumalizia kisiki kilichobaki. Mkato wa mwisho upite nje ya uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina; mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kuukata uvimbe huo huufungulia mti uozo.

Matunzo mengine ni ya dakika tano. Utomvu ukigandia bapa huufanya msumeno uwe mzito, na mkwezi hudhani meno yameisha. Jioni pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, kisha paka mafuta mepesi ya cherehani, hasa Pwani ambako chumvi ya hewani haisubiri. Ala nayo imwagwe unga na ikaushwe. Msumeno safi ukirudishwa kwenye ala yenye maji utaota kutu usiku huo huo. Mizizi isikatwe kwa msumeno wa juu. Mchanga humaliza kwa dakika chache meno ambayo yangefanya kazi mwezi mzima.

Kwa upande wa muuza vifaa, misumeno ya mkono na bledi za kila aina vimo katika fungu la forodha 82.02, tofauti na mashoka na mikasi ya kupogolea iliyo katika 82.01, kwa hiyo ankara izitenganishe mapema. Anayeagiza misumeno 20 aagize na bledi zisizopungua 40 za namba hiyo hiyo, kwa sababu bledi ya urefu sawa lakini ya toleo jingine inaweza kukataa kuingia kwenye mpini. Bledi ni nyepesi, haioti vumbi la hasara haraka ikihifadhiwa na mafuta, na mnunuzi wake anarudi. Mnunuzi wa msumeno usio na bledi hurudi mara moja tu, akiwa na mpini mkononi.