Umeme Miguuni, Si Kwenye Gurudumu

Baiskeli ya kuchochea misuli kwa umeme kwa kawaida haiendi popote. Mara nyingi ni pedali mbili tu zilizofungwa kwenye mtambo mdogo unaosogezwa mbele ya kiti cha magurudumu, na umeme wake hauzungushi gurudumu kama ule wa baiskeli za betri, bali huingia mapajani mwa mwendeshaji kupitia ngozi. Mtu aliyepooza miguu baada ya ugwe wa mgongo kuvimba hufungwa nyayo kwenye pedali, kisha kompyuta ndogo huiamuru misuli ambayo ubongo wake hauifikii tena.

Maradhi yenyewe huchanganywa na mengine kwa sababu ya jina. Ukitaja uti wa mgongo, wengi hufikiria homa ya uti wa mgongo, ambayo ni ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na ugwe. Hapa kinachovimba ni ugwe wenyewe, ile kamba ya neva isiyozidi unene wa kidole cha mwisho, inayoshuka ndani ya pingili za mgongo. Madaktari huita hali hii mayelitisi. Dalili hujikusanya kwa saa au siku chache: mgongo unauma, ganzi inazunguka tumbo au kifua kama mkanda uliokazwa, miguu inalegea, mkojo unagoma kutoka. Aina inayokata ugwe upana mzima ni adimu, kati ya wagonjwa wapya 1 na 4 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Hesabu inayotumiwa tangu zamani ni kwamba theluthi moja hupona vizuri, theluthi hubaki na udhaifu wa kiasi, na theluthi hubaki na ulemavu mkubwa.

Wakati mwingine chanzo ni kinga ya mwili inayougeukia ugwe, pengine baada ya homa ya virusi. Wakati mwingine ni kifua kikuu, kaswende, VVU au mkanda wa jeshi. Uganda kuna sababu nyingine isiyofaa kusahauliwa, nayo ni kichocho. Minyoo aina ya Schistosoma mansoni imeenea kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert na mto Nile. Kwa kawaida mayai yake husumbua utumbo na ini, lakini machache hupotea njia na kukwama karibu na ncha ya chini ya ugwe, na mwili ukiyashambulia, ugwe huumia pamoja nayo. Mkazi wa Bukoto, mtaa wa vilima kaskazini mwa katikati ya Kampala, huenda haoni ziwa kutoka dirishani kwake, lakini aliogelea huko sikukuu iliyopita. Ndiyo maana daktari makini huuliza habari za maji kabla ya kuandika dawa. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli pamoja na steroidi, na matibabu hayo hutangulia baiskeli ya aina yoyote.

Ili kujua nani atafaidika na baiskeli, inafaa kuufikiria mwili kama mtandao wa umeme wa mtaa. Kuna njia kuu inayotoka kituoni, na kuna waya unaotoka kwenye nguzo hadi nyumbani. Ubongo ndio kituo, ugwe ndio njia kuu, na neva inayotoka kwenye ugwe hadi kwenye paja ndiyo waya wa nyumbani. Njia kuu ikikatika huku waya wa nyumbani ukiwa mzima, jenereta iliyounganishwa karibu na nyumba itawasha taa. Waya wa nyumbani ukiungua, jenereta itanguruma bure. Baiskeli hii ni jenereta. Haigusi misuli moja kwa moja kama wengi wanavyodhani. Huiamsha neva ya pembeni, na neva ndiyo inayoiamrisha misuli.

Kwa hiyo uvimbe uliokata ugwe kifuani, ukaacha neva za miguu zikiwa hai, ndio unaoifaa zaidi. Uvimbe wa kichocho, kwa kupenda kwake ncha ya chini ambako neva za miguu zinachipuka, unaweza kuwa umeua waya wa nyumbani wenyewe. Polio, ambayo nayo ni uvimbe wa ugwe, huua hasa zile seli zinazotoa neva za misuli. Katika miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep wa Makerere aliendesha kliniki ya polio katika hospitali ya Mulago, akasisitiza vyuma vya miguu, magongo na viti vya bei nafuu vilivyoweza kuundwa papo hapo Uganda. Misuli iliyonyauka kabisa kwa polio isingeshtuka kwa mashine hii hata ingekuwapo wakati huo, na fundi wa vyuma alikuwa jibu sahihi.

Kipimo cha kutofautisha hakina makuu. Mtaalamu wa fiziotherapia hubandika pedi mbili juu ya paja, huongeza mkondo polepole na kutazama. Misuli ikiruka, kuna la kufanya.

Wazo la kuchezesha misuli kwa umeme ni la kale. Luigi Galvani wa Italia alichapisha mwaka 1791 majaribio yake ya miguu ya chura. Mwaka 1961 Liberson na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa kilichonyanyua wayo wa waliopooza upande mmoja wakati wa kutembea. Baiskeli zilifuata katika miaka ya 1980, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Jerrold Petrofsky wa Chuo Kikuu cha Wright State, jimbo la Ohio. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya Cybathlon karibu na Zürich, watu waliopooza walishindana mita 750 kwa nguvu ya misuli yao wenyewe iliyochochewa. Mshindi, Mark Muhn, alitumia karibu dakika 3, mwendo wa polepole kwa baiskeli.

Ugoigoi huo una sababu. Ubongo huamsha nyuzi za misuli kwa zamu, ukianza na zile zisizochoka haraka, nyingine zikipumzika. Umeme wa nje hauna ustaarabu huo. Huziamsha nyuzi zilezile kwa pamoja, zikiwemo zile kubwa zinazochoka mapema. Wengi huzalisha wati 10 au 20 tu, na mashine nyingi zina mota ya kusaidia miguu inapoishiwa.

Zoezi huchukua dakika 30 hadi 60, mara tatu kwa wiki. Pedi hubandikwa mbele ya paja, nyuma ya paja na kwenye makalio, kila upande. Mapigo 30 hadi 50 kwa sekunde hupita, na kompyuta, ikisoma pembe ya pedali, huwasha paja la mbele wakati goti linaponyooka na la nyuma linapokunjwa. Mguu uliokuwa umelala kama gogo hujaa ghafla chini ya ngozi, hulegea, hujaa tena.

Faida iliyo wazi ni misuli kunenepa, damu kuzunguka vizuri na moyo kupata kazi. Kwa baadhi ya wagonjwa mikazo ya ghafla ya miguu hupungua pia. Makalio yenye nyama kidogo ni mto dhidi ya vidonda vya kulalia, ambavyo vinaweza kuua. Mifupa hunufaika kidogo, baada ya miezi mingi, na faida hupotea zoezi likiachwa. Kuhusu kurudisha mwendo, mashine hupewa sifa isiyostahili kirahisi, kwani mayelitisi hujiponya yenyewe kwa kiasi katika miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza.

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, mjamzito, aliyevunjika mguu au mwenye damu iliyoganda mshipani haanzishwi. Aliyepooza kuanzia sehemu ya juu ya kifua anaweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kikigonga na uso kutoa jasho. Hapo umeme huzimwa, mgonjwa hukalishwa wima na mpira wa mkojo hukaguliwa kama umejikunja.

Mashine kamili hugharimu maelfu ya dola, kwa hiyo familia nyingi za Kampala huanza na kichocheo kidogo cha betri kinachoshikika mkononi, mgonjwa akiwa amekaa au amelala, bila pedali. Kisichozungusha mguu bado hujenga paja. Gharama inayorudi ni pedi zenyewe: gundi huchoka, pembe zinabanduka, umeme unasongamana kwenye kipande kidogo cha ngozi na kuiunguza, na asiyehisi hatalia. Anayezibandua hutazama ngozi iliyokuwa chini yake. Wekundu unaofifia baada ya muda mfupi ni wa kawaida. Usiofifia hadi jioni huahirisha zoezi linalofuata.